Kuishi kwa Raha Ulaya na Kutembea Wikendi: Mwongozo kwa Anayetoka Mombasa

Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, maswali kuhusu Ulaya yamezidi katika baraza za Mji wa Kale, na karibu yote yanahusu viza, nauli na mshahara. Ni wachache mno wanaouliza mtu ataishi vipi akishafika, ilhali hilo ndilo litakaloamua kama atafurahi huko au atakuwa akihesabu siku za kurudi. Mwongozo huu unashughulikia hilo tu: siku za kawaida za kazi, na wikendi za kutembea. Mifano yangu mingi ni ya Ujerumani, kwa sababu ndiko nilikoishi na ndiko vijana wetu wengi wanakoelekea, lakini sehemu kubwa ya haya yatamfaa pia anayekwenda Austria, Ubelgiji au Uholanzi.

Rai yangu ni kwamba wiki ipangwe kwanza, ndipo safari zifuate. Anayekimbilia Paris na Roma mwezi wa kwanza hurudi Jumapili usiku kwenye chumba kisicho na sufuria, friji iko tupu, na barua za serikali zimelala mlangoni hazijafunguliwa. Safari ya namna hiyo hupigwa picha nzuri, lakini haimpumzishi mtu.

Mambo ya mwanzo

Ukishapata nyumba Ujerumani, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya mji wako, na bila ya karatasi utakayopewa pale utasumbuka kufungua akaunti ya benki na kupata namba ya kodi. Siku hiyohiyo andika jina lako la ukoo, kwa herufi zinazosomeka, kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango wa chini. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tarishi asiyeona jina huondoka na barua yake, na mambo mengi ya maana huko bado huja kwa barua: kadi ya bima ya afya, namba ya siri ya benki, miadi ya kadi ya ukaazi. Fungua kila bahasha siku inapofika. Miongoni mwa barua hizo itakuwamo moja inayodai ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama humiliki televisheni. Huo si utapeli, na kuinyamazia huongeza deni. Kama mnaishi watu kadhaa katika nyumba moja, analipa mmoja na wengine mnamchangia.

Jumapili na ukimya wake

Jambo linalomshangaza mtu wa Pwani kuliko baridi ni Jumapili. Ujerumani na Austria maduka hufungwa kwa mujibu wa sheria, na aliyezoea kutuma mtoto dukani saa tatu usiku akanunue sukari atajikuta hana hata mkate. Ununuzi wa wiki ufanywe Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi. Jumapili hubaki maduka ya stesheni kubwa za treni, vituo vya mafuta kwa bei ya juu, na baadhi ya maduka ya mikate kwa saa chache. Uholanzi hali ni tofauti, kwani katika miji mingi maduka hufunguliwa hata Jumapili.

Siku hiyo pia ni ya kimya, kama ilivyo kila usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili alfajiri. Kijana mmoja wa Majengo alikuwa ametoka na kinu chake cha mbao Mombasa, akaanza kutwanga thomu na pilipili Jumapili saa nne asubuhi katika nyumba ya ghorofa ya tatu, sakafu ikitikisika. Hakumaliza chembe ya nne kabla mlango haujagongwa. Jirani wa chini, mzee wa makamo, hakuja kugombana. Alitaka kujua kama kuna kitu kimevunjika. Alipooneshwa kinu alikishika, akakigeuza, akanusa ndani, akauliza ni mti gani, kisha akaomba kwa adabu kazi hiyo iwe ya Jumamosi. Tangu hapo walisalimiana. Ushauri ni kutandika taulo iliyokunjwa mara nne chini ya kinu, au kununua kinu kidogo cha mawe, na mashine ya kufulia iachwe siku hiyo.

Kitu kingine cha wiki ni chupa. Vinywaji vingi Ujerumani huuzwa pamoja na rehani, senti 25 kwa chupa ya plastiki inayotumika mara moja na kwa kopo, na kiasi kidogo zaidi kwa chupa za glasi. Zikusanye kwenye mfuko jikoni, uzipeleke kwenye mashine iliyo mlangoni mwa duka kubwa, uziingize moja moja bila kuziponda, na mashine itakupa karatasi ya kukatwa kwenye bei ya ununuzi wako. Maji ya bomba yanafaa kunywewa, kwa hiyo chupa nyingi hazina haja.

Jiko

Mtu hawezi kufurahia mji akiwa na njaa ya chakula cha kwao. Tafuta duka la Kituruki, la Kihindi au la Kiafrika mapema, na kwa kawaida yote matatu huwa karibu na stesheni kuu. Kwa Mturuki utapata nyama halali, bamia, mbaazi kavu wakati mwingine, na majani ya kotimiri kwa fungu kubwa, si vijiti vitatu ndani ya plastiki kama vya duka kubwa. Kwa Mwafrika utapata unga mweupe wa mahindi, muhogo na samaki mkavu. Nazi nzima sikushauri; nyingi zimekaa sana njiani na ukizivunja unakuta zimechacha. Tui la kopo linatosha kwa wali, kwa mbaazi na kwa mahamri, ilimradi usome pakiti na kuchagua lile lenye nazi kwa wingi na maji kwa uchache. Mbuzi ya kukunia iache nyumbani.

Unga wa ngano wa Kijerumani umeandikwa namba. Ule wa 405, ambao ndio wa kawaida dukani, ni laini na unafaa keki. Wa 550 una nguvu zaidi, na chapati zake huvutika na kufanya matabaka. Iliki, mdalasini na karafuu nunua Marikiti kabla ya kuondoka, kwa sababu huko huuzwa kwa vichupa vya gramu chache kwa bei ya kukatisha tamaa. Na kwa Mwislamu, asome maandishi ya nyuma ya peremende laini na mtindi wa matunda, kwani jelatini ya nguruwe hutumika mahali asipotarajia.

Mwanga na baridi

Watu huogopa baridi, lakini kinachowachosha hasa ni giza. Mwezi wa Desemba mjini Köln jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, na mwenye zamu ya mchana anaweza kupitisha juma zima asilione. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: magharibi huingia karibu saa nne usiku, isha husaliwa usiku wa manane, na anayengoja giza ndipo alale hatalala. Nunua pazia zito. Majira ya baridi, toka nje adhuhuri hata kwa nusu saa, hata kukiwa na mawingu, na muulize daktari wako kuhusu vitamini D, hasa sisi wenye ngozi nyeusi. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kusogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo Mombasa huwa mbele kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto. Jambo la kukumbuka kabla hujampigia mama simu usiku.

Kuhusu mavazi, koti zito la mtumba waweza kulipata Kongowea, lakini viatu visivyopenyeza maji vinunue huko. Miguu ikilowa, siku nzima imeharibika.

Watu

Majirani wa Ulaya hawapiti kukujulia hali, na wewe usiwapitie bila kuwaambia. Hilo halina maana kwamba hawataki watu. Mlango wao ni ahadi ya tarehe na saa: ukialikwa saa tisa alasiri kwa kahawa na keki siku ya Jumapili, fika saa tisa, na uwe na kitu mkononi. Sahani ya mahamri ya moto imewafungulia wenzetu milango mingi kuliko kozi ya lugha, ingawa kozi nayo ni lazima. Vyuo vya watu wazima vya manispaa huifundisha kwa bei nafuu jioni. Jiunge na chama kimoja tu cha jambo unalolipenda, iwe mpira, kuogelea au kwaya, kwa kuwa urafiki wa Wajerumani hukua pale watu wanapoonana kila Jumanne kwa shughuli ileile. Mwislamu wa Köln ana msikiti mkubwa wa Ehrenfeld, uliofunguliwa rasmi mwaka 2018, na katika miji midogo misikiti mingi iko ndani ya nyumba za kawaida nyuma ya maduka, kwa hiyo uliza kwa muuza nyama.

Kabla ya safari ya kwanza

Kadi ya ukaazi ya nchi moja ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipakani baina yao, hukuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, ambazo sasa ni 29, kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180, bila ya viza nyingine. Hukuruhusu kutembea, haikuruhusu kufanya kazi. Uingereza na Ireland haziko Schengen, na kwa pasipoti ya Kenya zinahitaji viza zao. Chukua kadi pamoja na pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu, hata unapovuka mpaka kwa treni ya nusu saa, kwa sababu Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu mwezi Septemba 2024, na sura zetu hukaguliwa haraka kuliko za wengine. Nalisema hilo bila ya uchungu; mwenye karatasi zake mkononi hupoteza dakika mbili tu.

Pesa za safari zitenge siku ya mshahara, pamoja na zile za kutuma nyumbani, na mwambie anayepokea kiasi ulichoamua kwa mwezi. Usipofanya hivyo, kila maombi ya ghafla kwenye simu yatakula wikendi yako, nawe utaanza kuwakasirikia watu unaowapenda.

Treni za mkoa

Ununuzi bora kwa anayeishi Ujerumani ni tikiti ya mwezi iitwayo Deutschlandticket. Ilipoanza Mei 2023 ilikuwa euro 49. Tangu Januari 2026 ni euro 63. Kwa tikiti hiyo hupanda mabasi, tramu na treni zote za mkoa nchi nzima, ila si treni za mwendo wa kasi. Hujifufua yenyewe kila mwezi, na anayetaka kuiacha sharti aghairi kabla ya tarehe 10. Anayeishi Bavaria anaweza hata kufika Salzburg, Austria, kwa tikiti hiyohiyo. Asiyekuwa na tikiti hutozwa faini ya euro 60, na mkaguzi hana habari na maelezo ya ugeni.

Kwa mtu aliye Köln, safari ya kwanza ninayoipendekeza ni ya Mto Rhine hadi Mainz kwa treni ya mkoa inayopita ukingo wa magharibi. Panda asubuhi, kaa dirisha la kushoto. Baada ya Koblenz milima husogea hadi kwenye maji, na kwa takriban kilomita 65 mpaka Bingen unapita mashamba ya mizabibu yaliyoning'inia kwenye miteremko, mashua za mizigo zikipanda mto taratibu, na ngome baada ya ngome juu ya majabali, nyingi zikiwa zilijengwa kutoza ushuru waliopita chini. Bonde hili liliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2002. Teremka mji wowote mdogo unaokuvutia, tembea saa mbili, kula ulichofungasha, panda treni inayofuata. Hakuna cha kulipia zaidi ya tikiti uliyonayo, na Jumapili maduka yakiwa yamefungwa hukosi kitu.

Safari ya pili, nayo nitaikalia kidogo, ni ya kaskazini. Kutoka Hamburg treni ya mkoa huenda Cuxhaven, ambako Bahari ya Kaskazini ikipwa huacha tambarare ya matope na mchanga isiyoonekana mwisho wake. Mzaliwa wa Pwani anajua maji kupwa, anajua bamvua, na amewahi kutembea kutoka ufukweni hadi mwambani akiokota kombe. Lakini huko maji huondoka kiasi kwamba watu hutembea kwa miguu kiasi cha kilomita 10 hadi kisiwa cha Neuwerk, na magari ya farasi hupita mahali palipokuwa bahari asubuhi. Nenda majira ya joto, pamoja na kiongozi wa njia, wala usijidai kwamba umekulia baharini: kuna mikondo inayojaa kutoka nyuma yako kabla ya mbele, na ukungu ukishuka huoni nchi wala kisiwa. Vaa soksi nzee au viatu vya kufunga, kwani kandambili hung'olewa na tope hatua ya kwanza. Kurudi waweza kupanda boti maji yakishajaa.

Kwenda na swali

Miji mikubwa ina mambo mengi, na anayejaribu kuyaona yote hachoki miguu tu. Mimi humshauri mtu aende na swali moja kutoka kwao. Ukiwa Hamburg, panda treni ya mjini hadi Ohlsdorf, kwenye makaburi makubwa kiasi kwamba mabasi ya mji hupita ndani yake, ukazuru kaburi la Sayyida Salme, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete na kufariki mwaka 1924. Baba yake ni Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, yuleyule aliyewang'oa watawala wa ukoo wa Mazrui Mombasa mwaka 1837. Ukienda Lisbon, nenda Belém katika monasteri ya Jerónimos, ambamo amezikwa Vasco da Gama, aliyefika Mombasa Aprili 1498 na kuondoka kwa uhasama kabla ya kupokewa vizuri Malindi. Kwa aliyekwenda Fort Jesus kwa ziara ya shule, kusimama mbele ya jeneza lile la jiwe lililochongwa kwa ufundi wote huo ni funzo la namna hadithi moja inavyosimuliwa ng'ambo mbili. Monasteri hiyo hufungwa Jumatatu. Na ukifika Uhispania, tikiti ya Alhambra, ngome na kasri za watawala Waislamu wa kale mjini Granada, inunuliwe mapema sana, kwa jina lililo kwenye pasipoti, maana kasri za ndani zina saa maalumu ya kuingia. Anayesoma Kiarabu atakawia humo kuliko wageni wengine, akisoma maandishi ya kutani.

Luxembourg usafiri wa umma ni bure tangu mwaka 2020, kwa hiyo ukishavuka mpaka kutoka Trier huhitaji tikiti tena.

Kuhusu ndege za bei ya chini, hesabu gharama yote. Bei inayotangazwa huruhusu begi dogo la kutia chini ya kiti, na likizidi kipimo hutozwa langoni pesa zinazoweza kupita nauli. Baadhi ya viwanja viko mbali na mji wa jina lake: uwanja uitwao Frankfurt-Hahn uko karibu kilomita 120 kutoka Frankfurt. Baadhi ya mashirika pia humtaka abiria asiye raia wa Ulaya apite kaunta akaguliwe hati, hata kama amekwisha kujisajili kwenye simu, basi fika mapema. Ndege ikichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kwa sababu zilizo mikononi mwa shirika, sheria ya Umoja wa Ulaya hukupa fidia ya euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500. Treni ikichelewa dakika 60 hurudishiwa robo ya nauli, na ikifika dakika 120 ni nusu. Tunza tikiti.

Begi la wikendi liwe na sarafu za vyoo vya stesheni, na chupa tupu ya maji kwa anayejua matumizi yake, kwa sababu vyoo vya huko vina karatasi tu.

Mgeni kutoka nyumbani

Ukimwalika mzazi, ombi la viza ya Schengen huweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Mlete Mei, Juni au Septemba. Usimzungushe nchi nne kwa wiki mbili. Mpe wiki ya kwanza nyumbani kwako, ajue njia ya duka la Mturuki na jina la jirani, kisha mchukue treni ya Rhine siku ya kazi, wakati mabehewa hayajajaa na viti vya dirishani vinapatikana.